Shajara ya stoo: mkwamo wa saa nane usiku

Jumatatu, 3 Juni 2024

Imekwama tena. Hii ni mara ya tatu, kwa hiyo naanza kuandika. Mara mbili za mwanzo nilichomoa waya, nikarudisha, nikausingizia umeme.

Kwa atakayesoma bila kujua habari za nyuma: stoo ni programu yangu ndogo inayojifanya diski. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ina dereva iitwayo nbd, kazi ya Pavel Machek ya mwaka 1997. Inapokea maombi ya kusoma na kuandika bloku (sehemu ndogondogo za diski), na badala ya kuyapeleka kwenye diski inayapitisha kwenye soketi, njia ya mawasiliano, kwa programu yoyote iliyokaa upande wa pili. Hapa kwangu upande wa pili kuna stoo. Inakusanya bloku katika vipande vya MB 1, inavifinya, inakipa kila kipande jina la SHA-256 yake (alama inayokokotolewa kutoka kwenye data) na kukiweka kwenye diski ya USB. Vipande vipya vinasafiri taratibu kwenda kwa binamu yangu Mombasa. Juu ya /dev/nbd0 nimeweka ext4 ya kawaida, mfumo wa kupanga mafaili, na kuipachika kwenye /ghala. Vyote hivi vinaishi ndani ya kikompyuta kimoja cha ARM chenye RAM ya GB 1, Debian 12, kerneli 6.1.

Najua btrfs ipo. Najua ZFS ipo. Zote ni mifumo ya faili inayoweza mengi ya haya. Nilitaka kujifunza.

Kinachohifadhiwa ni kanda za Mzee, fundi mitambo mstaafu wa hapa Tanga: taarab, harusi, mawaidha, na nyingine ambazo hata mwenyewe hakumbuki. Nazirekodi kwa biti 24 na kHz 96, kwa hiyo kanda ya dakika 60 inakula GB 2 na ushee. Usiku rsync, programu ya kunakili mafaili, inazihamisha kutoka kompyuta ya kurekodia hadi /ghala.

Sasa tatizo. Saa ya mashine inasema 02:14, yaani saa nane na dakika kumi na nne usiku. rsync imeganda. `ls /ghala` inajibu. `cat` ya faili la wiki iliyopita inajibu. `sync` ikienda hairudi. `kill -9` ni kama kumpigia mbuzi gitaa. Load average imefika 9 na huku prosesa imekaa bure kabisa, jambo linalowashangaza wengi, lakini Linux inahesabu pia wanaongoja wakiwa katika hali ya D, yaani usingizi usioamshika. Wako tisa kwenye foleni na hakuna anayehudumiwa.

Nimeizima kwa sysrq, amri za dharura zinazoifikia kerneli moja kwa moja. Ilipowaka, ext4 ilisoma jonali yake (daftari la mabadiliko), ikasema imepona, na faili la kanda ya jana limeishia dakika ya 38.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimeingoja nikiwa macho, na waya wa seriali umeunganishwa kwenye laptopu ili logi isitegemee diski yoyote. Imeganda saa tisa kasoro. Baada ya dakika mbili kerneli ikaanza kulalamika yenyewe:

```
INFO: task jbd2/nbd0-8:412 blocked for more than 120 seconds.
INFO: task stoo:655 blocked for more than 120 seconds.
INFO: task rsync:1877 blocked for more than 120 seconds.
```

Sekunde 120 ndicho kiwango cha kawaida cha hung_task, mlinzi wa kerneli wa michakato iliyoganda. Jambo la kujua: inalalamika mara 10 tu, kisha inanyamaza hadi mashine iwashwe upya au uiongezee idadi kwenye `kernel.hung_task_warnings`. Nadhani usiku ule wa kwanza nilikuta imeshamaliza malalamiko yake, na mimi nikadhani ukimya ni uzima.

Pia `ps aux` iliganda katikati ya orodha. Inasoma mstari wa amri wa kila mchakato, na kwa kufanya hivyo inahitaji kufuli (kibali cha zamu) la memori ya mchakato husika. Ikifika kwa aliyekwama huku kuna mwingine anayelisubiri kufuli lile kwa ajili ya kuandika, nayo inaingia foleni. Tumia hii, haigusi mstari wa amri:

```
ps -eo pid,stat,wchan:32,comm
```

Kwa mikono: jbd2 (uzi wa jonali ya ext4) anangoja bloku ziandikwe kwenye nbd0. rsync anangoja jbd2 amalize muamala. stoo naye yuko D, na katika rundo lake la kazi (orodha ya fanksheni zilizoitana hadi hapo) nimeona `ext4_evict_inode`.

Nikashusha pumzi. Kumbe si mimi! Hata programu yangu imekwama ndani ya ext4. stoo inaandika vipande kwenye diski ya USB, diski ya USB ni ext4, ext4 imeganda, basi stoo imeganda, basi nbd0 imeganda, basi wote. stoo ni majeruhi kama wengine. Nimelala saa kumi na moja alfajiri nikiwa na furaha ya mtu aliyekuta kosa kwenye msimbo wa wakubwa.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nilijaribu njia ya mkato: kumpa nbd-client, programu inayounganisha nbd0 na stoo, kikomo cha sekunde 30. Mashine inazinduka kweli, lakini ext4 inapewa jibu la EIO (kosa la kusoma au kuandika), jonali inatelekezwa na /ghala inageuka ya kusoma tu. Umemfufua mgonjwa kwa kumkata kichwa. Nimeitoa.

Leo nimeandika ripoti kwa watunzaji wa ext4. Nimefuata mwongozo wa kerneli jinsi unavyotaka: nimeangalia `/proc/sys/kernel/tainted` (sifuri, vizuri), nimejenga kerneli mpya isiyo na viraka vya mtu na kuhakikisha inakwama nayo, nimepitisha rundo la kazi kwenye `decode_stacktrace.sh` ili anwani ziwe mistari ya msimbo, na `get_maintainer.pl` imenipa wa kuwaandikia. Kurasa mbili safi. Kichwa cha habari kilikuwa na neno "ext4" na neno "deadlock", na nakiri nilikipenda.

Kabla ya kutuma nikampelekea dada mmoja tuliyesoma naye, siku hizi yuko Berlin na storage ndiyo inayomlisha. Alipiga simu baada ya nusu saa.

"Mdogo wangu, nimesoma. Hatua ya kwanza ya kurudia tatizo umeandika 'washa stoo'. Mimi sina stoo."

"Nimeweka kiungo cha msimbo, dada."

"Sitaki msimbo. Nipe kitu kinachokwama bila programu yako. Ukikipata, hiyo ni ripoti. Usipokipata, hilo nalo ni jibu."

Nikamwambia stoo imekwama kama wengine, haina hatia, aangalie rundo lake la kazi. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Hiyo ext4 iliyo kwenye rundo la stoo ni ipi? Una mbili."

Tatu, ukihesabu na kadi ya kuwashia mashine. Rundo la kazi linaonyesha majina ya fanksheni. Halisemi fanksheni hiyo inahudumia diski gani.

Ripoti sijatuma.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kutengeneza maabara. Kungoja saa nane usiku kila siku si maisha.

Nimehamia kwenye mashine pepe ya QEMU ndani ya laptopu, memori MB 512. Ndani yake script inaandika mafaili ya MB 1 hadi 8 kwenye /ghala bila kupumzika, na pembeni stress-ng inakula memori. Mkwamo ukaja baada ya dakika 11. Nikapandisha `vm.vfs_cache_pressure` kutoka 100 hadi 1000, ili kerneli iwe na pupa ya kutupa ainodi (kumbukumbu za mafaili) zilizokaa kwenye memori, na sasa unakuja ndani ya dakika 4. Hiyo pupa kusaidia ni dokezo tayari, ila leo sikulisikia.

Kisha nikajenga kerneli yenye lockdep. Hii ni zana ya Ingo Molnar na Arjan van de Ven, imo tangu 2.6.18 ya mwaka 2006. Inakumbuka mpangilio ambao makufuli yamewahi kushikwa. Ukiwahi kushika A kisha B, na mahali pengine ukashika B kisha A, inapiga kelele hata kama ajali yenyewe haijatokea. Nilikuwa na hakika itanitajia mkosaji kwa jina.

Dakika 4, imeganda. lockdep: kimya. Nikarudia mara tano. Kimya.

Nimekula chipsi mayai nikiwa nimeikasirikia zana isiyo na kosa.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi, nikiwa nimelala bado, jibu la swali la dada likaja lenyewe, na ni la kitoto: ondoa ext4 kila mahali isipokuwa sehemu moja.

Nimeunda upya mashine pepe. Mzizi: XFS, mfumo mwingine wa faili. Diski ya vipande: XFS. ext4 iko mahali pamoja tu, juu ya nbd0. stoo haifungui faili lolote ndani ya /ghala, haina sababu na wala haijui kama kuna mfumo wa faili juu yake, yenyewe inaona bloku na namba. Kwa hiyo nikiona neno ext4 katika rundo la stoo, lazima kuna mtu aliyemburuta huko.

Dakika 4. `echo w > /proc/sysrq-trigger`. Nimepunguza mistari, soma kutoka chini kwenda juu:

```
stoo   state:D
  __wait_on_buffer
  ext4_wait_block_bitmap
  ext4_read_block_bitmap
  ext4_discard_preallocations
  ext4_clear_inode
  ext4_evict_inode
  evict
  prune_icache_sb
  super_cache_scan
  shrink_slab
  try_to_free_pages
  __alloc_pages
  handle_mm_fault
  exc_page_fault
```

Niliiangalia kwa muda mrefu. Chai ilipoa.

Mstari wa chini kabisa: stoo imegusa ukurasa wa memori ambao bado haujapewa. Ni `malloc` tu, bafa mpya ya kupokelea ombi. Kerneli inatafuta ukurasa mtupu, haupati. Hapo Linux ina desturi moja: memori ikiisha, anayeomba ndiye anayeshikishwa ufagio. Haumwiti mfagiaji ukakaa kusubiri, unafagia wewe mwenyewe, palepale, katikati ya shughuli yako. Hiyo ndiyo `try_to_free_pages`. Basi stoo, bila habari, imeanza kufagia nyumba nzima ya kerneli, na katika kufagia imefika kwenye rundo la ainodi za zamani. Za nani? Za ext4 iliyo juu ya nbd0, maana ndiyo yenye mafaili mengi kuliko yote.

Ainodi inatupwa. Kabla haijatupwa, ext4 inataka kurudisha bloku ilizokuwa imeliwekea faili hilo akiba. Hapa kuna uzuri wa ajabu kidogo. Kwa kawaida akiba hiyo hurudishwa faili linapofungwa. Lakini ext4 huchelewesha kugawa bloku: rsync inaandika, inafunga faili, inaondoka, na bloku zenyewe zinagawiwa baadaye data inapopelekwa diski. Akiba inazaliwa mwenye faili ameshaondoka. Inabaki inaning'inia hadi ainodi itupwe, na kuirudisha kunahitaji ramani ya bloku ya eneo husika. Ramani hiyo nayo ilikuwa imeshatupwa kwenye memori, kwa sababu ileile ya njaa. Basi isomwe kutoka diski.

Diski ni nbd0. Anayejibu maombi ya nbd0 ni stoo.

stoo inasubiri stoo. Mlinzi ametoka nje, geti limejifunga, naye amesimama barabarani anagonga kengele akisubiri mlinzi aje kufungua.

Jumapili, usiku

Sasa naelewa ukimya wa lockdep. Yenyewe inahesabu makufuli. Ina hata kufuli la bandia liitwalo fs_reclaim kwa ajili ya kukamata watu wanaofagia mahali pasipofaa. Lakini duara langu lina kipande kimoja kilicho nje ya kerneli: kutoka kwenye soketi hadi kwenye `while` yangu na kurudi. Kwa kerneli, soketi ni soketi. Haijui kwamba anayeongojwa upande ule na anayengoja upande huu ni mtu mmoja.

Ndiyo maana pia nbd yenyewe haina lawama. Upande wa kerneli umejilinda: soketi yake imewekewa alama ya GFP_NOIO, maana yake "nikiomba memori, usinitume kufanya kazi ya diski". Aliyeacha mlango wazi ni mimi, upande wa programu.

Jumatatu, 10 Juni

Jaribio la kuthibitisha, kwa sababu maelezo matamu yamewahi kunidanganya wiki iliyopita tu. Nimehamisha stoo kwenye laptopu ya zamani, waya wa mtandao kati yao, kila kitu kingine vilevile. Kama niko sahihi, stoo inaweza kufagia memori ya nyumba yake kadiri itakavyo, haitakutana na ext4 ya jirani.

Saa 6 bila mkwamo. Nikairudisha kwenye mashine moja: dakika 4.

Na lile alilotaka dada: nimeweka null_blk, diski ya kubuni iliyo ndani ya kerneli, mahali pa nbd0. Script ileile, njaa ileile. Haikwami. Nikamwandikia: "Dada, sijakipata." Akajibu kwa neno moja, "Hongera," na sijui kama lilikuwa la dhati.

Ripoti ya ext4 nimeiweka kwenye folda ya mambo ya aibu.

Jumanne, 11 Juni

Dawa ipo, na kumbe iliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Tangu kerneli 5.6 (Machi 2020) kuna `prctl` (wito wa programu kwa kerneli) iitwayo PR_SET_IO_FLUSHER. Programu iliyo kwenye njia ya kwenda diski inajitangaza: mimi ni mmoja wa wanaosafisha, nikiomba memori msinipe ufagio unaofika kwenye diski au mfumo wa faili. Ukurasa wake wa mwongozo unawataja waziwazi madaemoni (programu za nyuma ya pazia) ya FUSE, yanayoendesha mifumo ya faili nje ya kerneli, na yale yanayoiga diski za SCSI.

Inafanya mambo mawili. La kwanza ndilo hilo la memori. La pili linahusu kuzuiwa kwa waandishi. Kurasa chafu, yaani zilizoandikwa kwenye memori lakini hazijafika diski, zikizidi kiwango (`vm.dirty_ratio`, kawaida asilimia 20), kerneli humlaza anayeandika hadi zipungue. Kurasa chafu za nbd0 hupunguzwa na stoo tu. Ukimlaza stoo kwa uchafu ambao ni yeye tu wa kuusafisha, umerudi kwenye geti lilelile. Kwa alama hii stoo inapimwa kwa uchafu wa diski anayoiandikia mwenyewe, si wa nyumba nzima. Huu mkwamo wa pili sijaupata kwa macho yangu, lakini ulikuwa unanisubiri.

Mstari mmoja wa msimbo:

```
prctl(PR_SET_IO_FLUSHER, 1, 0, 0, 0);
```

Jibu: EPERM, yaani huruhusiwi. stoo haiendeshwi na root, mtumiaji mkuu, na amri hii inataka ruhusa ya CAP_SYS_RESOURCE. Nimeongeza `AmbientCapabilities=CAP_SYS_RESOURCE` kwenye faili la systemd, inayoiwasha stoo. Ikakubali.

Saa nzima bila mkwamo. Saa mbili. Nikampigia Mzee.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine imepona?"

"Imepona, Mzee. Kesho naanza tena na ile ya harusi."

Jumatano, 12 Juni

Haijapona.

Imeganda usiku, kwenye saa ya nane ya jaribio. Kilichonichanganya: sysrq-w inawaonyesha jbd2, rsync, na stoo *mmoja*. stoo ina nyuzi (mikondo ya kazi) mbili, mpokezi anayeongea na soketi na mfinyaji anayebana vipande. Aliye kwenye orodha ni mfinyaji, na rundo lake ni lilelile: memori, ufagio, ainodi, ext4, ramani ya bloku. Mpokezi hayumo kabisa.

Nilipoteza saa nzima nikidhani mpokezi yuko huru. sysrq-w inaorodhesha walio katika hali ya D tu. Mpokezi alikuwa S, usingizi wa kawaida, anasubiri mutex (kufuli) yangu mwenyewe, ambayo mfinyaji aliishika kabla ya kwenda kufagia. Kwa macho ya kerneli huyo hana shida yoyote, amejilalia. Ilibidi kusoma kila uzi peke yake:

```
for t in /proc/655/task/*; do cat $t/comm $t/stack; done
```

Mpokezi: `futex_wait`. Ombi la ramani ya bloku liko kwenye soketi, mkononi mwake, halijasomwa.

Lakini kwa nini mfinyaji anapewa ufagio wakati tumeshajitangaza? Kwa sababu alama hiyo ni ya uzi, si ya programu nzima. `prctl` inaiandika kwenye bendera za uzi ulioiita. Nyuzi zitakazozaliwa baadaye zitairithi, zilizozaliwa kabla hazina habari. Na mimi, kwa unadhifu, nilikuwa nimeiweka mwanzoni mwa fanksheni ya mpokezi, baada ya mfinyaji kuzaliwa.

Nimeipandisha juu kabisa ya `main`, mstari wa kwanza. Mistari mingine ya leo:

Bafa zote zinatengwa wakati wa kuwaka, 64 za MB 1, zinaguswa moja moja kisha `mlockall` inazizuia zisitolewe kwenye memori. Hakuna `malloc` tena katika njia ya ombi. Maktaba ya kufinya ilikuwa inaomba memori kila kipande bila kuniambia. Nimeibadilisha itumie nafasi niliyoitenga mapema.

Mutex haishikwi tena wakati wa kuandika diskini. Hii ilikuwa mbaya hata bila mkwamo.

Vipande vinaandikwa kwa O_DIRECT, ili visipitie kwenye kurasa chafu kabisa.

Na swali ambalo nimejiuliza usiku: kswapd, mfagiaji rasmi wa kerneli, si naye anaweza kufika kwenye ainodi ya ext4 na kumsubiri stoo? Anaweza. Nimemwona akifanya hivyo. Hilo si tatizo mradi stoo haimsubiri yeye. Kusubiri kwa upande mmoja ni foleni.

Jumamosi, 15 Juni

Jaribio la saa 60 limekwisha leo asubuhi kwenye mashine pepe, MB 512, njaa juu ya njaa. Halikukwama. Baadaye nimepunguza memori hadi MB 384 kwa ukatili tu: polepole mno, lakini inatembea. Kisha nikafuta mstari wa `prctl`, nikaacha mabadiliko mengine yote, kuona kama bafa peke yake zingetosha. Ilichukua saa 3, ikaganda. Safari hii aliyeshikishwa ufagio hakuwa `malloc`, ilikuwa ni `open` ya faili jipya la kipande: kerneli nayo inahitaji memori yake kukufungulia faili. Mstari umerudi, na maoni ya mistari sita juu yake ili mimi wa mwaka kesho asije akaufuta kwa kudhani ni pambo.

Nimeandika faili la KUKWAMA.txt kwenye folda ya stoo: dalili, jinsi ya kurudia ndani ya dakika 4, rundo la kazi lote, na maneno haya juu kabisa: *ukiona ext4 ndani ya rundo la stoo, si ext4 unayoifikiria*. Ile ripoti ya kurasa mbili nimeigeuza kuwa hilo faili. Sehemu kubwa haikuhitaji kuguswa, hatua zilikuwa sahihi na namba zilikuwa sahihi. Nilibadilisha kichwa cha habari.

Kwenye kikompyuta chenyewe: usiku wa jana kanda ya harusi, ile iliyoishia dakika ya 38, imeingia yote. sha256 ya faili kwenye kompyuta ya kurekodia na ya kwenye /ghala zinalingana. Kwenda Mombasa bado, mtandao wa binamu umekatika tangu Alhamisi.

Mzee amepita mchana, anataka familia ya bwana harusi iisikilize siku ya Idi. Nimempa kwenye flashi.

"Kwa hiyo imeshakaa humo, haitoki?"

"Imekaa, Mzee."

"Vizuri. Basi ile kanda nirudishie, nina kitu nataka kurekodi juu yake."

"Mzee, hapana! Subiri kwanza ifike Mombasa."

Ameniangalia kama mtu ambaye ameambiwa mashine imepona kwa mara ya pili. Kanda nimeifungia kabatini.